Mkutubi Anajibu: Vitabu na Nyaraka za Urusi na Jirani Zake

Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu, kwenye kitengo cha nchi za Waslavi pamoja na Kaukazi na Asia ya Kati. Wasomaji walioniandikia safari hii wana shida tofauti, lakini nyingi zinarudi palepale: kitu kipo, ila kimeandikwa kwa jina ambalo anayekitafuta hakulifikiria.

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu Zanzibar na Umoja wa Kisovieti baada ya Mapinduzi ya 1964. Msimamizi wangu anasema bila nyaraka za Moscow kazi haitasimama, na Moscow sina uwezo wa kwenda. Nibadilishe mada? *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Usibadilishe. Msimamizi wako ana haki ya kudai sauti ya upande wa pili, lakini sauti hiyo haisikiki Moscow peke yake. Kule, barua za mabalozi zimo katika hifadhi ya Wizara ya Mambo ya Nje, inayojulikana kwa kifupi AVP RF. Karatasi za Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti kuanzia miaka ya 1950 ziko katika hifadhi iitwayo RGANI. Za zamani zaidi, pamoja na zile za Komintern, yaani umoja wa vyama vya kikomunisti vya dunia, ziko katika hifadhi iitwayo RGASPI. Hata mtafiti aliyefika mlangoni hapewi kila jalada analoomba, hasa AVP RF.

Kwa hiyo zunguka. Anza na Berlin. Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki mwaka 1964, na dola ile ilipokufa nyaraka zake zilifunguliwa kwa watafiti kuliko nyaraka za karibu nchi yoyote ya kambi ya Kisovieti. Barua za mabalozi ziko katika hifadhi ya kisiasa ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, za chama ziko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Prague, mji mkuu wa iliyokuwa Chekoslovakia, nayo usiiruke. Kisha kuna Kyiv: sheria ya Ukraine ya mwaka 2015 ilifungua kwa umma majalada ya KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, yaliyobaki nchini humo, na mgeni anaruhusiwa kuomba. Kama huna nauli ya kwenda popote, fungua mkusanyo wa kidijitali wa nyaraka za Vita Baridi ulioandaliwa na Wilson Center, kituo cha utafiti cha Washington. Ni bure, na nyingi zimeshatafsiriwa kwa Kiingereza.

Ukikuta rejea kwenye vitabu vya wengine, jifunze kuisoma, kwani ndiyo anwani utakayoipeleka kwenye hifadhi unapoomba jalada. Nyaraka za Kirusi zina ngazi nne: *fond*, yaani mkusanyo wa taasisi moja, *opis*, orodha iliyomo ndani yake, *delo*, jalada lenyewe, na *list*, karatasi. Karatasi ndiyo inayohesabiwa, si ukurasa, ndiyo maana upande wa nyuma huandikwa "ob." baada ya namba. Mtu akiacha kunakili "ob." anamtuma mwenzake kusoma upande usiohusika.

Nikuongezee moja. Jomo Kenyatta alisoma Moscow mwaka 1932 na 1933, katika chuo cha Komintern kilichoitwa KUTV kwa kifupi. Karatasi za chuo hicho ziko RGASPI, fond 532. Anayemtafuta humo kwa jina la Kenyatta anaweza kupita bila kumwona, kwa sababu kule aliitwa James Joken. Wanafunzi wa chuo kile walipewa majina ya bandia kwa usalama wao. Kabla hujasema mtu hayumo, uliza aliitwaje siku ile karatasi ilipoandikwa.

Rafiki yangu anayesoma ng'ambo alinionyesha katalogi ya maktaba yao. Nilitafuta vitabu vya Kirusi kuhusu Mwalimu kwa kuandika "Nyerere", nikapata vya Kiingereza tu. Ina maana Warusi hawakuandika? *Mwalimu wa sekondari, Morogoro*

Waliandika. Tatizo ni safari ya jina. Mrusi analiandika kwa herufi zake: Ньерере. Mkutubi wa Marekani analirudisha kwenye herufi za Kilatini kwa kufuata jedwali la kubadilisha herufi, bila kujali sisi wenyewe tunaliandikaje, na linatoka *N'erere*. Kwa mtindo huohuo Juma anakuwa *Dzhuma*, Mwinyi anakuwa *Mvin'i*, na Hamisi, kwa kuwa Kirusi hakina "h" yetu, anarudi akiwa *Khamisi*, kama anavyoitwa Unguja. Tanzania inakuwa *Tanzaniia*. Alama ile ya juu kwenye N'erere inawakilisha herufi ya Kirusi isiyo na sauti yake yenyewe; kazi yake ni kulainisha konsonanti iliyo kabla yake. Kwenye katalogi nyingi ukiiacha hakuna kinachoharibika.

Kuna majedwali zaidi ya moja, na hapo ndipo watu wanapopotea. Maktaba za Marekani hufuata la Maktaba ya Bunge lao: kh, zh, shch, ia, iu. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya ya kati huweka alama juu ya herufi: ž, č, š. Mwandishi anayeitwa Chekhov kule Chicago anaitwa Čechov kule Berlin. Majina ya watu mashuhuri mara nyingi huachwa yalivyozoeleka, lakini jina la kitabu hufuata jedwali. Basi tafuta mwandishi kwa jina lililozoeleka, na kitabu kwa jedwali.

Vitabu vya kabla ya mwaka 1918 vina mtego wake. Mwaka huo mageuzi ya tahajia ya Kirusi yalifuta herufi kadhaa. Jarida lililokuwa likiandikwa *Viestnik Evropy* kwa tahajia ya zamani utalikuta kwingine likiwa *Vestnik Evropy*. Tafuta kote kuwili.

Siku hizi katalogi nyingi zimeongeza herufi za Kikirili zenyewe, yaani zile za Kirusi. Nakili Ньерере kutoka hapa, ubandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Nina hakika hutatoka mikono mitupu.

Kwa nini vitabu vya Kirusi vimejaa Ufini na Marekani? Viliibwa? *Msomaji, Mombasa*

Vingine vilikuja kwa sheria, vingine kwa fedha, na vingine, ndiyo, kwa mtutu wa bunduki.

Helsinki ni kwa sheria. Ufini ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi tangu 1809. Mwaka 1827 moto uliteketeza mji wa Turku pamoja na maktaba ya chuo chake. Chuo kikahamishiwa Helsinki, na kuanzia 1828 kikapewa haki ya kupokea nakala ya kila kinachochapishwa katika dola nzima ya Urusi. Haki hiyo ilidumu hadi 1917. Leo vitabu hivyo vimo katika Maktaba ya Taifa ya Ufini, na wapo watafiti wa historia ya Urusi wanaofanya kazi kwa starehe zaidi Helsinki kuliko Moscow.

Washington ni kwa fedha. Gennady Yudin alikuwa mfanyabiashara wa Krasnoyarsk, kule Siberia, aliyekusanya vitabu vipatavyo 80,000. Lenin, akielekea uhamishoni mwaka 1897, alisoma katika maktaba ya mtu huyu. Mwaka 1906 Yudin aliiuzia Maktaba ya Bunge la Marekani mkusanyo wote, na shehena ikavuka Urusi na bahari. Serikali ya Kisovieti nayo iliuza hazina nyingi kupata fedha za kigeni. Kodeksi ya Sinai, nakala ya Biblia ya karne ya nne, ilinunuliwa na Uingereza mwaka 1933 kwa pauni 100,000.

Mtutu wa bunduki ni habari ya Warsaw, na kila nikiisimulia huniuma. Ndugu wawili wa ukoo wa Załuski, wote maaskofu, walifungua maktaba yao kwa umma mwaka 1747. Ilikuwa na vitabu karibu 400,000, mojawapo ya kubwa kabisa Ulaya. Poland ilipomegwa na majirani zake, majeshi ya Catherine II, malkia wa Urusi, yalivisomba vitabu hadi St. Petersburg, vikawa msingi wa maktaba ya umma ya dola ya Urusi iliyofunguliwa 1814. Baada ya mkataba wa Riga wa 1921, uliomaliza vita kati ya Poland na Wasovieti, vingi vilirudishwa Poland. Mwaka 1944, baada ya maasi ya Warsaw kushindwa, Wajerumani walivitia moto. Vilivyosalimika ni hasa vile ambavyo Warusi hawakuwa wamevirudisha. Sitoi hukumu kwamba ni bora kutorudisha kilichoporwa. Naamini mali irudi kwa mwenyewe. Ila ukiulizwa kwa nini kitabu kiko mahali fulani, fuatilia njia yote hadi mwisho kabla hujajibu.

Nasomea ukutubi Kampala na ningependa fani hii. Lazima nijue Kirusi? *Mwanafunzi, Uganda*

Lazima, na Kirusi peke yake hakitoshi. Kosa la zamani la fani yetu lilikuwa kuitazama Kyiv, Tashkent na Tbilisi kwa dirisha la Moscow, kununua kila kitu kutoka huko na kuviita vyote vya Kirusi. Ongeza lugha moja: Kiukraini, Kipoland, Kiuzbeki, upendayo.

Asia ya Kati itakupendeza, maana yaliyoipata sisi tunayaelewa. Kiuzbeki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama tenzi za Pate na Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kikahamishiwa Kilatini, mwaka 1940 kikahamishiwa Kikirili, na sheria ya 1993 ikakirudisha Kilatini. Mjukuu hawezi kusoma barua ya babu, na huenda babu mwenyewe hakuweza kusoma gazeti la mwanawe. Mkutubi wa fani hii ndiye anayeunganisha maandishi hayo yote chini ya jina moja la mwandishi.

Ukikwama kwenye jambo lolote, iandikie huduma ya marejeo ya Kislavi ya Chuo Kikuu cha Illinois, pale Urbana-Champaign. Wapo tangu 1976, na wanajibu maswali ya watafiti wa nchi yoyote bila malipo. Makala za kitaaluma za Kirusi zisizolipiwa zipo CyberLeninka. Kwa vitabu na majarida ya Poland, anza na Polona, maktaba ya kidijitali ya huko.

Vita vimefanya nini kwa maktaba za Ukraine? Sisi tulio mbali tunaweza kusaidia chochote? *Msomaji, Muscat*

Uharibifu ni mkubwa. Februari 2022 jengo lenye nyaraka za polisi wa siri wa Kisovieti liliungua Chernihiv. Mwishoni mwa mwaka huohuo, majeshi ya Urusi yakijiandaa kuondoka Kherson, hifadhi ya nyaraka ya mkoa iliporwa. Mei 2024 kombora lilipiga kiwanda kikubwa cha uchapaji Kharkiv, wafanyakazi wakauawa kazini na vitabu vikateketea.

Tovuti nazo hufa. Seva ikiwa ndani ya jengo, umeme ukikatika au bomu likianguka, picha zote za makumbusho hupotea. Siku chache baada ya uvamizi, wakutubi na wanahistoria walianzisha SUCHO, juhudi ya kunakili tovuti za utamaduni wa Ukraine kwenye seva za nchi nyingine. Waliojitolea walizidi 1,500, wengi wakifanya kazi mezani kwao nyumbani, na tovuti zilizookolewa zilizidi 5,000. Wapo waliochangia bila kujua hata neno moja la Kiukraini: walihitajika watu wa kukagua kama nakala imekamilika na kujaza maelezo ya kila kitu. Kwa hiyo umbali si kizuizi.

Shikamoo mama. Marehemu baba alisoma Kharkiv miaka ya 1970 hadi akapata shahada yao ya juu. Ameacha makasha manne ya vitabu vya Kirusi na makaratasi. Ndugu wanataka kuchoma. Chuo kitavihitaji? *Binti wa marehemu, Arusha*

Marahaba mwanangu, pole sana. Waombe ndugu zako wakupe mwezi mmoja.

Vitabu vyenyewe vigawe mafungu mawili. Vya kiada vya hesabu na uhandisi vilichapwa kwa makumi ya maelfu, maktaba haitavililia. Lakini kitabu chochote cha Kiswahili kilichochapwa Moscow, na shirika la Progress kwa mfano, usikitoe. Hivyo ni adimu hata katika maktaba zetu wenyewe.

Kisha tafuta kijitabu chembamba chenye neno *автореферат* kwenye jalada. Ni muhtasari wa tasnifu ya baba, uliochapwa nakala mia moja hivi na kusambazwa kwa wataalamu na maktaba kubwa. Ukiupata, utaona jina lake kama Warusi walivyoliandika, na kwa jina hilo unaweza kuitafuta tasnifu nzima. Tangu 1944 tasnifu za Kisovieti zilikuwa zikipelekwa Maktaba ya Lenin mjini Moscow, isipokuwa za utabibu zilizokuwa na maktaba yake. Mji utauona umeandikwa Kharkov kwa Kirusi. Ni Kharkiv hiyohiyo.

Makaratasi ndiyo mali kubwa: barua, kadi ya bweni, daftari, picha, matangazo ya mikutano ya wanafunzi wa Kiafrika. Katika maktaba moja niliyowahi kufanya kazi, kasha la namna hii lilipokelewa, vitabu vikapangwa rafuni, karatasi zikatupwa kwa sababu "si vitabu". Hadi leo nasikitika. Kwa hiyo usikabidhi chochote bila hati ya makabidhiano inayotaja kila fungu, na inayosema wazi kwamba kisichohitajika kitarudishwa kwako. Zungumza na maktaba ya chuo kikuu na pia na Idara ya Nyaraka ya taifa. Karatasi usizitenganishe na mpangilio aliouacha baba, na usizigundishe kwa selotepu.

Na kama mama yako yu hai, kaa naye na picha kabla ya jambo jingine lolote. Kila sura anayoitambua, andika jina nyuma, kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino.