Re: Kwa nini stendi mpya za baiskeli sokoni zinapinda rimu?

Mkuu, hizo za kubana tairi la mbele ndivyo zilivyo: baiskeli ikisukumwa ubavuni, uzito wote unaangukia spoku. Tena kufuli linashika gurudumu tu, kwa hiyo mwizi anafungua nati zake, anakuachia gurudumu na kufuli, anaondoka na fremu.

Wekeni bomba la chuma la inchi 2 lililokunjwa kama U iliyopinduliwa, kimo sm 75, urefu sm 70 hadi 100. Miguu izame sm 30 kwenye zege, na kipande cha nondo kichomelewe chini ya kila mguu, la sivyo linang'oka. Stendi hadi stendi mita 1. Mkibana, usukani unagongana na upande mmoja hautumiki kabisa. Kutoka ukutani angalau sm 60. Na ziwe karibu na mlango, maana zikiwa mbali watu watafunga kwenye nguzo ya taa tu.