Baba anahema ghafla wodini

SWALI: Shikamoo dokta, niko Majengo hapa Moshi, baba kapata mshtuko wa moyo akaendelea poa tu, siku ya 4 ghafla anahema vibaya, daktari kasikiliza kifua anasema kuna mlio mpya. Mlio gani tena?

JIBU: Marahaba. Nyama ya moyo iliyokosa damu inakufa, inalainika, na hasa wiki ya kwanza inaweza kuchanika: ukuta wa kati unatoboka au msuli unaoshika vali (mlango wa ndani ya moyo) unakatika, damu inapita njia isiyo yake, ndiyo huo mlio, na mapafu yanajaa maji. Eko, yaani ultrasound ya moyo, itaonyesha ni wapi. Dawa zinashikilia kwa muda tu, tiba hasa ni operesheni, kwa hiyo ulizeni leo leo habari ya rufaa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar, na jamani msimpakie kwenye basi.