Fundi wa Kompyuta Anajibu: Inkscape inagoma kukompailika

SWALI: Asalam aleikum fundi. Mimi kazi yangu ni kudizaini kadi za harusi, mabango na saa zingine michoro ya kanga kwa wateja wa Biashara Street hapa Mombasa, laptopu yangu ina Ubuntu 22.04. Inkscape yake, ile programu ya kuchorea, ni toleo 1.1.2, na sahii watu wanataka kadi iwe na mbele, nyuma na ramani ya ukumbi, kurasa tatu ndani ya faili moja, hii ya kwangu haina kurasa nyingi. Nimechukua AppImage ya toleo jipya, yaani faili moja unalifungua bila kuinstoli, inafanya kazi vizuri, lakini nataka kuijenga mwenyewe kutoka kwa sosi kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, manake siku moja nataka kubadilisha vitu ndani. Nikafungua sosi, nikaandika cmake, ile ya kutayarisha ujenzi, ikaenda ikaendaa halafu mwisho ikaniandikia Configuring incomplete, errors occurred! Nimeitafuta hiyo laini Google, majibu ni mengi na hakuna hata moja la kunifaa. Rafiki yangu mwenye mashine kama yangu, RAM 4GB, yeye alifika mpaka kwa make, ile inayojenga yenyewe, ikakufa na neno Killed. Tusaidie. (Msomaji, Majengo)

JIBU: Waaleikum salam ndugu yangu. AppImage usiitupe, kazi za wateja endelea nazo hapo, mtu mwenye harusi Jumamosi hawezi kungoja wewe umalize kukompaili. Kurasa nyingi ziliingia Inkscape 1.2, Mei 2022, kwa hivyo ni kweli 1.1.2 haikufai. Na sababu yako ya kutaka kuijenga ni nzuri sana, hii ni programu huru, sosi iko wazi ndo watu kama wewe muingie ndani.

Sasa hiyo laini yako ya mwisho. Haina habari yoyote. Inasema tu kwamba kuna kosa lilitokea juu huko, na watu elfu wanaweza kuipata kwa sababu elfu tofauti, ndo maana Google haikukusaidia. Kosa lako ni lile LA KWANZA. Panda juu. Na kama terminali imeshapita mbali, rudia ukihifadhi kila kitu kwenye faili: cmake .. 2>&1 | tee logi.txt, kisha fungua logi.txt na usome kutoka juu mpaka ukutane na laini kama hii: No package 'gtkmm-3.0' found. Hiyo ndo habari sasa! gtkmm ni laibrari, yaani kodi iliyokwisha andikwa ambayo programu zingine zinaiazima. Mara nyingi inatangulia kidogo kabla ya maneno CMake Error, kwa hivyo ukiruka moja kwa moja kwa neno Error unaweza kuipita.

Hapo wengi wananiandikia "lakini fundi gtkmm ninayo, nimeangalia iko". Ni kweli iko, manake Inkscape ya zamani inaitumia. Lakini kwenye Ubuntu na Debian laibrari moja imegawanywa pakeji mbili. Kuna ile ya kuendeshea programu iliyokwisha kujengwa, na kuna yenye jina linaloishia na -dev, ambayo ndani yake mna faili za heda zinazokaa /usr/include na faili dogo la .pc ambalo pkg-config inalisoma ili ijue laibrari iko wapi na ni toleo gani. Ni kama fundi cherehani, kuona nguo imeshonwa hakumtoshi, anataka vipimo vyake. Kwa hivyo hapo unachohitaji ni sudo apt install libgtkmm-3.0-dev, halafu hakikisha kwa pkg-config --modversion gtkmm-3.0, ikikupa namba basi umeivuka hiyo.

Ukivuka hiyo itakuja ingine na ingine. Usiende nazo moja moja, kuna njia fupi: fungua /etc/apt/sources.list kama root (msimamizi wa mashine), laini zinazoanza na # deb-src ziondoe hiyo alama ya #, fanya sudo apt update, kisha sudo apt build-dep inkscape. Hapo apt inakuletea kila kilichohitajika kuijenga ile 1.1.2, na sehemu kubwa ni yale yale yanayotakiwa na toleo jipya, zitabaki chache za kutafuta kwa mkono. Ukiambiwa mfano fatal error: gc/gc.h: No such file or directory, instoli apt-file, fanya sudo apt-file update, kisha apt-file search gc/gc.h, itakuambia pakeji ni libgc-dev. Hii apt-file ni rafiki wa kweli, nashangaa watu wengi hawaijui. Ila jihadhari na bando lako, build-dep inashusha pakeji nyingi, ifanye ukiwa kwenye waifai.

Kabla hujarudia cmake futa yote ile folda ya build, ulikoandikia cmake. CMake inaweka kumbukumbu kwenye faili la CMakeCache.txt na wakati mwingine inaendelea kushikilia majibu ya jana hata kama leo umeshaleta kila kitu. Kisha ndani ya folda ya sosi:

mkdir build && cd build
cmake .. -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/programu/inkscape
make -j2
make install

Angalia hapo hakuna sudo hata mahali pamoja. Nimekuwekea $HOME/programu/inkscape makusudi ili kila kitu kikae kwenye folda yako, kisiguse ile Inkscape ya Ubuntu, na siku ukichoka nayo unafuta folda moja basi. Mtu akikuambia anza na sudo make install muulize kwanza ataiondoa vipi. Na kama sosi unaichukua kwa git badala ya faili la tar, weka --recurse-submodules, bila hiyo kuna folda zitakuja tupu na utapata makosa ya ajabu, ongeza na --depth 1 usije ukashusha historia yote ya mradi.

Tuje kwa rafiki yako. Aangalie karibu na lile neno Killed, ataona cc1plus imetajwa. Hiyo ndiyo kompaila yenyewe ya C++, na aliyeiua ni keneli (kiini cha Linux), RAM imeisha ikachagua mlaji mkubwa ikamkata. Athibitishe kwa sudo dmesg | grep -i 'killed process'. Inkscape imeandikwa kwa C++ na ina faili ambazo moja peke yake inakula ramu nyingi sana, sasa mtu akiandika make -j8 kwa sababu amesoma mahali kwamba ndo inaenda mbio, ni kompaila nane kwa mpigo ndani ya 4GB, haiwezekani. Afunge brauza, atumie -j1, na aongeze swapu, yaani nafasi ya diski ya kusaidia RAM:

sudo fallocate -l 4G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2

Itaenda polepole lakini itafika. Na laptopu iwekwe juu ya meza mahali penye upepo, si juu ya kitanda, joto letu la Januari huku na kompaila pamoja vinaipasha moto kweli na ikipata moto inapunguza kasi yenyewe.

Stima ikipotea katikati msianze upya. Hii make, aliyoiandika Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, kazi yake ndiyo hiyo, inalinganisha saa ya faili la sosi na saa ya faili lililojengwa, kilichokwisha inakiruka. Rudieni make tu. Ila kuna jambo moja linawatesa watu wenye laptopu zisizo na betri: faili la .o (kipande kilichokompailiwa) lililokuwa linaandikwa wakati stima inakatika linaweza kubaki tupu, na make inaliona jipya, inalipita, halafu mwisho kabisa wakati wa kuunganisha inasema file not recognized. Dawa ni find . -name '*.o' -size 0 -delete ndani ya build, kisha make tena.

Ukimaliza, usiandike inkscape tu, itakufungukia ile ya zamani, andika njia nzima ~/programu/inkscape/bin/inkscape. Zote mbili zinatumia mipangilio ya ~/.config/inkscape, kwa hivyo ili zisiingiliane iambie hii mpya ikae kwake kwa kutanguliza INKSCAPE_PROFILE_DIR=$HOME/programu/mipangilio kabla ya hiyo njia. Na kwa kuwa unataka kuingia ndani, anza na folda ya po, humo ndo mna maneno ya menyu kwa kila lugha, hapo hutaki kujua C++, unataka Kiswahili kizuri na subira, na ukibadilisha unakompaili tena unaona maneno yako mwenyewe kwenye skrini. Ningefurahi sana kuona vijana wa hapa wanaishughulikia hiyo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina laptopu ya mtumba, nimewekea Debian, nataka kujenga AbiWord ya kuandikia kazi za chuo. Nikiandika ./configure inasimama hapo hapo mwanzo: newly created file is older than distributed files! Check your system clock. Sijagusa kitu chochote. (Binti wa Tudor)

JIBU: Marahaba binti yangu. Andika date uone. Nina hakika itakuonyesha mwaka wa nyuma sana. Kuna betri ndogo ya duara ndani ya laptopu, mara nyingi ni CR2032, hiyo ndo inatunza saa ukizima mashine, na kwenye laptopu za mtumba huwa imekufa. Sasa configure inajaribu kuunda faili, inaliona lina tarehe ya zamani kuliko sosi uliyoidaunlodi, inakataa, na inafanya vizuri kukataa manake make yote inategemea tarehe. Wengine wanalipita hilo na kukutana na Clock skew detected. Your build may be incomplete, wanalipuuza, halafu faili zile zile zinakompailiwa kila wakati bila kuisha.

Ukiwa na intaneti andika sudo timedatectl set-ntp true, saa itajirekebisha. Bila intaneti weka mwenyewe kwa sudo date -s ukifuata na tarehe ndani ya alama za kunukuu. Kama ulishafika kwa make kabla ya kurekebisha, fanya make clean mara moja uanze safi. Halafu mpelekee fundi akubadilishie hiyo betri, si ya bei kubwa, la sivyo kila ukizima itarudi kule kule, na hata tovuti zitakuwa zinakukatalia kwa sababu ya vyeti vyake kuonekana bado havijaanza kazi.

SWALI: Fundi, nimehamia FreeBSD. Programu iliyokuwa inajengeka Linux bila shida, huku make inalalamika Missing dependency operator. Makefile imeharibika? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Haijaharibika. Make ya FreeBSD si ile ya GNU, na hiyo Makefile imeandikwa kwa mtindo wa GNU. Fanya pkg install gmake kama root, kisha popote palipoandikwa make wewe andika gmake. Ikilalamika tena kuhusu heda, kumbuka huku laibrari za pakeji zinakaa /usr/local, hazikai /usr, kwa hivyo kabla ya configure weka CPPFLAGS=-I/usr/local/include na LDFLAGS=-L/usr/local/lib. Lakini tazama kwanza kwenye ports, ile hazina ya FreeBSD ya kujengea programu, kama folda ya /usr/ports unayo. Kwa Inkscape ni cd /usr/ports/graphics/inkscape kisha make install clean, hapo make ya kawaida ndo inayotakiwa, viraka vya FreeBSD vimeshawekwa na wenyewe, na ukitaka kuiondoa unarudi folda ile ile unaandika make deinstall.