Nilipoacha kwenda kliniki ya mbali

Nilikutwa na VVU mwaka 2014, kliniki ya wajawazito, hapa hapa kwetu mkoani Njombe. Nilianzishiwa dawa siku hiyohiyo. Mtoto alizaliwa salama, sasa ananishinda kwa kula ugali. Dawa hazikunisumbua sana. Kilichonitesa ni kujificha.

Kwenye kata yetu kuna kituo chenye CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Mimi nikaomba kufungua kadi mjini, nisije nikakutana na mtu wa kwaya. Nauli kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 14,000, na wakati wa mvua bodaboda anaongeza kwa sababu ya utelezi. Nyumbani nilisema naenda kufuata mbolea. Mbolea gani kila mwezi? Kichupa nilikijaza pamba ili vidonge visichezecheze ndani ya mkoba. Wenzangu wanaojua mlio huo mnanielewa.

Msimu wa kupanda viazi, kati ya nauli na mbegu, mbegu ilishinda. Nikaruka tarehe mara mbili. Mwaka 2018 kipimo cha wingi wa virusi kikarudi zaidi ya kopi 1,000, yaani dawa hazijavidhibiti, nikaingizwa kwenye ushauri wa ufuasi, wa kumeza dawa bila kuruka: kila mwezi nihudhurie, miezi mitatu mfululizo. Nimekosa nauli ya safari mbili, napewa safari tatu! Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, kwenu hakuna kituo?" Nikakosa jibu.

Niliomba barua ya uhamisho. Ilichukua nusu saa tu. Siku ya kwanza kituoni kwetu, kwenye benchi nilimkuta mama wa kwaya, sauti ya kwanza. Akasogea kunipisha nikae, tukazungumzia bei ya viazi. Na kweli, mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa VVU. Utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wana VVU, karibu mmoja katika kila wanane. Nilikuwa namficha nani?

Kwa hiyo wewe unayepanda gari kwenda wilaya nyingine kuchukua dawa, piga hesabu ya nauli ya mwaka mzima, halafu uliza uhamisho. Kama kituo cha kwenu kina mtumishi mwenye mdomo, hilo ni jambo jingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamkataza kutoa siri yako, lakini najua kushitaki kijijini si kazi ndogo. Hapo tafuta kituo cha kata ya jirani, siyo cha mkoa wa jirani.

Mwambie mtu mmoja nyumbani. Mmoja, siyo ukoo. Mimi nilimwambia dada yangu, na siku nilipolazwa kwa malaria yeye ndiye aliyeleta kichupa wodini. Mume nilimwambia baadaye, na sitasema lilikuwa jambo jepesi.

Virusi vyako vikishafubaa, yaani vikipungua sana kwenye damu, waulize kituoni kuhusu kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Panga tarehe isiangukie kupanda wala kuvuna. Dawa tunazotumia sasa, TLD, unaweza kumeza asubuhi au usiku, umekula au hujala, kwa hiyo njaa isiwe sababu ya kuruka. Ila ukipewa vidonge vya kuongeza damu au vya kiungulia, mwambie mtoa dawa, kwa sababu vinahitaji kupishana saa. Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi: siutetei, lakini nimeona wengi wanaoruka kidonge kwa sababu "leo nimekunywa". Makosa yanakuwa mawili.

Kipimo changu cha mwisho virusi havikuonekana, maana yake hata mume simwambukizi. Nitarudi kituoni Machi, viazi vikiwa bado shambani. Tarehe nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani, sebuleni. Pamba nilishaitoa.