Sauti kama ya kwenye pipa: kabla hujauza maiki, soma hapa

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Mikindani, baada ya msimu wa korosho nikajibana nikanunua maiki ya kondensa na saundi kadi, laptopu ninayo, natumia Reaper, ile programu ya kurekodi. Chumba ni mita 3 kwa 3, tofali limepigwa lipu, juu bati na silingibodi, ukuta mmoja nimebandika trei za mayai wote. Vokali zinasikika kama naimbia kwenye pipa, chini yake kuna mvumo mmmm hauishi, alafu nikivaa hedifoni najisikia kwa kuchelewa. Washkaji wanasema niuze maiki niongezee laki tatu iliyobaki ninunue ya bei. Pia nataka nirekodi ngoma za wazee wa kwetu, sijui naanzia wapi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiuze maiki. Naanza na hilo maana najua mteja pengine ashapatikana, na vijana wa huku Mtwara nimeshawaona wengi wameuza kitu kizuri wakanunua cha bei zaidi wakaenda kukisimamisha kwenye chumba kilekile, pipa likabaki palepale, tena likasikika zaidi kwa sababu kondensa nzuri inaokota kila kitu kilichomo chumbani.

Hakikisha mwenyewe leo usiku. Zima pangaboi, jifunike blanketi zito wewe na maiki yako pamoja, imba mistari minne urekodi. Toka hapo simama katikati ya chumba imba mistari ileile kwa umbali uleule urekodi. Sasa zisikilize moja baada ya nyingine kwenye hedifoni. Ile ya blanketi kama imekaa kavu, karibu na sikio, hata pumzi unaisikia, basi maiki yako nzima na hela yako iende kwenye chumba.

Nikueleze kinachotokea ili usije ukabandika vitu kwa kubahatisha. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama katikati ya chumba chako ukuta uko mita moja na nusu, sauti ikitoka mdomoni inaenda inagonga lipu inarudi, jumla mita 3, ambayo ni kama milisekunde 9 tu. Hiyo ni fupi mno, sikio haliwezi kuisikia kama mwangwi wa peke yake, kwa hiyo ile sauti iliyorudi inaingia kwenye maiki ikiwa imepandana na ile ya mdomoni, sehemu zingine zinaongezeana nguvu zingine zinauana, na matokeo yake ndo hilo pipa. Huwezi kuliondoa kwa EQ (kile cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu) ukishalirekodi, we niamini, nimeshakesha kujaribu.

Na chumba chako kina jambo lingine, ni mraba. Mita 3 kwa 3 maana yake urefu na upana vyote vinashabikia sauti zilezile, besi ya kama 57 Hz (mitetemo 57 kwa sekunde) inajaa, na mara mbili yake, kama 114 Hz, nayo inajaa, na hiyo ya pili inaangukia palepale kifuani mwa sauti ya mwanaume. Katikati kabisa ya chumba ndo hiyo 114 inavimba. Kwa hiyo toka katikati, kwenye kona nako usisimame, simama kama mita moja kutoka ukuta mmoja na umbali tofauti kidogo kutoka ukuta wa pembeni, imba hapo, sogea hatua moja imba tena, utasikia mwenyewe mahali ambapo sauti inakaa sawa. Hii haina gharama hata senti.

Trei za mayai zitoe. Najua umehangaika kuzikusanya na kuzigundisha lakini ile ni karatasi nyepesi, inachofanya ni kupunguza kidogo zile sauti kali za juu kabisa, huku chini na katikati ambako ndo pipa lako linakaa haifanyi kitu, wala haizuii kelele ya bodaboda kuingia. Alafu ni karatasi kavu ukuta mzima na nyaya za umeme zinapita hapohapo, mimi hilo linaniogopesha kuliko hata sauti.

Kinachofanya kazi ni kitu kinene, chenye nyuzi, ambacho hewa inapita ndani yake. Godoro la sufi la zamani ni dhahabu kwa kazi hii. Huku kwetu tuna bahati nyingine, magunia ya juti ya korosho yaliyochoka yanapatikana kirahisi, chukua, jaza nguo chakavu za mtumba usizishindilie sana, yapange kwenye kona mbili kutoka chini mpaka karibu na dari, kona ndo besi inapojikusanya. Kwa ukutani mwambie fundi seremala akutengenezee fremu za mbao, zijazwe mablanketi au matambara mazito unene wa sentimita 10, alafu usizigandamize ukutani, ziache zining'inie kama sentimita 10 mbele ya ukuta, ule upenyo nyuma unasaidia fremu ishike mpaka sauti za chini zaidi kuliko ingekuwa imegusa lipu. Kitambaa cha kufunika, kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita na sauti itapita, kanga inafaa. Turubai usithubutu, lile la kuanikia korosho, sauti inagonga inarudi kama kioo.

Sasa ziwekwe wapi, hapa wengi wanakosea. Watu wanaweka sponji nyuma ya maiki. Maiki yako ya aina hiyo kwa kawaida inasikia mbele, mgongo wake ni kiziwi kiasi, na mbele yake kuna nani, kuna wewe, na nyuma yako kuna ukuta mtupu unaorudisha sauti moja kwa moja kwenye mdomo wa maiki. Kwa hiyo kinene cha kwanza kabisa kiwe nyuma ya mgongo wa mwimbaji, cha pili pembeni kushoto na kulia, ukipata cha tatu kining'inize juu ya kichwa. Kuna siku nilimrekodi mama mmoja wa kaswida, sauti nzuri mno, lakini kila akimaliza mstari neno la mwisho linabaki linaning'inia kwenye chumba kama lina mkia, nikamwambia mwanae asimame nyuma ya mama ashikilie godoro limwelekee mgongoni, akaimba mstari uleule, mkia ukakatika. Hatukugusa nobu hata moja. Yule kijana alishika godoro kaswida nzima mikono ikawa inatetemeka, na ile rekodi mpaka leo naipenda.

Umbali kati ya mdomo na maiki anza na shubiri moja. Ukisogea karibu zaidi besi ya sauti inapanda, wengine wanaipenda, ila ikizidi inakuwa matope. Herufi za P na B zinazopuliza, chukua ringi ya waya, vuta stokingi juu yake, iweke katikati ya mdomo na maiki, au geuza maiki pembeni kidogo ili pumzi ipite isiingie moja kwa moja. Na maiki ikae kwenye stendi nzito iliyosimama chini, sio mezani na laptopu, maana kila ukigusa kibodi inaingia.

Gein, yaani nguvu ya sauti inayoingia: kwenye mipangilio ya kurekodi weka 24 biti, imba ile sehemu yako ya juu kuliko zote, ile ya kupiga kelele sio ya kujaribu maiki moja mbili, na uangalie kipimo cha sauti kwenye Reaper kisipite kama -10. Ikiwa chini kidogo haina shida utaipandisha baadaye, ila ikigonga 0 imepasuka na haitengenezeki.

Tuje kwenye mvumo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, fungua EQ uangalie, ukiona vichuguu vimesimama kwenye 50, 100, 150 basi ni umeme unaingia. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri, rekodi kimya cha sekunde 10. Mvumo ukipotea umeshampata mwizi, na suluhisho la haraka ni kurekodi vokali ukiwa kwenye betri, kisha unachaji wakati wa kupumzika. Suluhisho la kudumu ni ethi. Nyumba nyingi huku soketi ina matundu matatu lakini lile la ethi haliendi popote, mwite fundi umeme anayejua kazi apime kama kuna waya wa ethi umeshuka ardhini kweli. Vifaa vyote vya sauti viwe kwenye ekstensheni moja iliyotoka soketi moja, waya wa maiki usilale sambamba na waya wa umeme, wakikutana wakatane kama msalaba. Kuna watu watakwambia kata ile pini ya ethi kwenye plagi mvumo unaisha. Usikate. Ile pini ndo inakulinda siku kifaa kikivuja umeme na wewe umeshika maiki ya chuma.

Kama hata kwenye betri mvumo upo, angalia waya wenyewe wa maiki, na weka simu mbali. Na kama ni ule mlio wa vvvv wa feni basi sio umeme, ni feni, zima. Najua joto la Mikindani lilivyo, rekodi vipande vifupi, fungua dirisha mpumue, funga muendelee. Bati nalo uliangalie, jua likiwa kali linatanuka linalia tik tik, jua likizama linajikunja linalia tena, saa nzuri ni kuanzia saa 4 usiku bati likishapoa. Mvua ikianza weka vifaa chini fanya kazi ya kupanga midundo.

Kuchelewa kwenye hedifoni ni bafa tu. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuishughulikia, fungu likiwa sampo 1024 (vipande vidogo vya sauti) kwenye kasi ya sampo 44100 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 23 za kuingia peke yake, bado za kutoka, lazima ujisikie umeachwa nyuma. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Reaper, chagua draiva ya ASIO iliyokuja na saundi kadi yako (programu ndogo inayounganisha saundi kadi na kompyuta bila kuchelewesha sana), shusha bafa iwe 128, hapo inakuwa kama milisekunde 3. Laptopu ikianza kukatakata nenda 256. Wakati wa kumiksi irudishe 1024, kuchelewa hakuna shida tena na kompyuta inapumua. Alafu angalia saundi kadi yako, nyingi zina nobu au swichi ya kujisikia moja kwa moja bila sauti kupita kwenye kompyuta, ukitumia hiyo zima kujisikia ndani ya Reaper la sivyo utajisikia mara mbili. Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, zile za wazi kliki, ule mlio wa kuhesabia mdundo, inavuja inaingia kwenye vokali.

Ngoma za wazee ndo swali lako lililonifurahisha. Usiziingize kwenye kile chumba. Ngoma kubwa ndani ya mita 3 kwa 3 itakupa mngurumo mtupu. Zirekodi nje, uwanjani, chini ya mwembe, mbali na kuta, nje hakuna lipu ya kurudisha sauti na ngoma hizo zimezoea kupigwa hapohapo. Adui wako nje ni upepo, kusi likishaanza linapuliza mchana kutwa, kwa hiyo nenda asubuhi mapema upepo haujaamka, na maiki uivalishe sponji ya upepo. Ukiwa na maiki moja usiiweke puani mwa ngoma, ipandishe usawa wa kichwa cha mtu, kama mita mbili mbele ya wapigaji, rekodi dakika moja, sikiliza, ngoma ndogo ikimezwa msogeze mpigaji wake mbele hatua moja. Hapo unapanga watu badala ya kumiksi. Gein shusha kuliko ya vokali, kofi moja la ngoma linaweza kupasua rekodi yote. Na waache wazee wazipashe ngoma motoni kwa muda wao, usiwaharakishe, ngozi ikipoa sauti inashuka katikati ya wimbo, kwa hiyo moto uendelee kuwaka pembeni na vipande vya kurekodi viwe vifupi. Waulize pia kabla kama ngoma hiyo inaruhusiwa kurekodiwa, za jandoni na unyagoni zingine hazitoki nje, na wakikwambia hapana umeelewa.

Laki tatu yako: mbao na fundi, magodoro ya zamani, stendi nzito, hedifoni kama huna za kufunika. Ikibaki nunua vile vipakti vya kunyonya unyevu, uviweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na maiki kila ukimaliza kazi. Hapo Mikindani uko na bahari mlangoni, kondensa ikinyonya unyevu inaanza kutatarika, na wengi ikitatarika wanadhani imekufa.