Naingia majumbani, wananiona mpelelezi

SWALI: Asalaam alaykum bibi, nakusanya data za malaria huku Micheweni, Pemba, nikitoa tu tableti ya kujazia data watu wananuna wanasema nawapeleleza. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Pitia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwanza akutambulishe, halafu piga hodi, ukae, tableti ibaki mkobani mpaka waelewe kwamba mgonjwa akigundulika kituoni mnamfata kwake mkawapime na wenziwe, maana mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na homa hana. Jina lake usilitaje nyumba ya pili, hata wakikubembeleza vipi. Na lile swali la safari za mgonjwa, kalala wapi, Tanga au Dar, usiliruke wala usijaze kwa kukisia tafadhali, ndilo linaloonesha ugonjwa umeletwa au umepatikana hapohapo shehiani.