Februari twende Rungwe au Kitulo?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Uyole, Mbeya, tuko watu 22, wengi akina mama ila na vijana wapo, tumekubaliana katikati ya Februari tutoke tukatalii pamoja na tulipie mtu wa kutuongoza. Sasa grupu la WhatsApp limegawanyika, vijana wanataka Mlima Rungwe wakapige picha kileleni, akina mama wanataka Kitulo wakaone maua, mweka hazina yeye popote penye nafuu. Mkubwa wetu ana miaka 61, magoti yanamsumbua ila hataki kabisa kuachwa. Tuchague wapi? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa Februari nendeni Kitulo, na sisemi hivyo kuwapendelea akina mama.

Hizi sehemu mbili zinapishana msimu. Mvua ya Rungwe unaijua, upande wa Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka na Februari ndo kwanza bado inamwagika, njia inapita msitu mnene halafu mianzi, mizizi inateleza, na mpaka ufike kileleni karibu mita 3,000 na kurudi ni siku nzima. Huko juu mara nyingi mtakuta wingu limekaa, hiyo picha ya vijana itakuwa ukungu mtupu. Na magoti ya mama yetu hayatateswa na kupanda, yatateswa na kushuka kwenye tope.

Kitulo mvua hiyo hiyo ndo inayoleta maua, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, ya kwanza Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea, ina aina kama 350 za mimea na kati ya hizo okidi za ardhini ni kama 45, ndo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kwa kikundi chenu kizuri zaidi ni kwamba gari linawafikisha juu kabisa, kwenye mita kama 2,600, kwa hiyo aliyechoka anarudi kukaa kwenye gari na wenzake wanaendelea. Rungwe mmoja akishindwa katikati ya msitu safari ya wote imeishia hapo.

Msitegemee kuona kila kitu mkiwa dirishani lakini. Okidi nyingi ni fupi zimejificha kwenye nyasi, mwongozaji anachutama, anafunua majani taratibu kwa vidole, ndo mnaona kaua kadogo kana madoa ambako mngekakanyaga. Nawaomba sana msichume na msing'oe hata kamoja, viazi vya okidi vimechimbwa mno kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kinachoitwa chikanda, tuhurumie kilichobaki.

Chukueni waongozaji wawili, mmoja atangulie mwingine afunge mkia, tena mwambieni wa mbele kabisa kwamba mwendo ni wa yule mama. Tembeeni asubuhi, mchana mvua na radi zinakuja na uwanda ule hauna pa kujificha. Sweta, koti la mvua na gambuti zisikosekane, na msishangae pumzi kuwa fupi hata pale penye tambarare.

Kwa mweka hazina: Watanzania kiingilio chetu ni cha chini kuliko cha wageni, kila mtu abebe kitambulisho, na ombeni kontrol namba ya kulipia mapema TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, badala ya kuhangaika getini watu 22. Kitakachokula hela ni gari. Mkipitia Chimala kuna zile kona 57 za kupanda Matamba, mkipitia Isyonje ni karibu zaidi na nyie, ila piga simu hifadhini siku moja kabla uulize njia ikoje ndo mkodi gari, Kosta ikikwama kwenye tope ni hasara ya wote.

Vijana wasinune, Rungwe waiweke Agosti au Septemba kukiwa kukavu, waende wenye miguu tu. Ule msitu uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kibali wakaombe huko. Ndimo anamoishi kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi 2003 tu, ila ni mwoga sana, kwa hiyo mtu akiwaahidi kwamba lazima watamwona wasimpe hela.